Injini ya Ziwani Kwenye Pipa la Bombambili

Injini ilishushwa kutoka kwenye lori la mahindi ikiwa imeviringishwa blanketi, na kaka yangu akailaza barazani kwangu kabla hata hajanisalimia.

"Hii hapa," akasema. "Shemeji aitengeneze, mama arudi nyumbani."

Nilikuwa nimeshika ungo wa mchele, nikabaki nao mkononi. Kaka alikuwa ametoka ziwani, akalala Mbinga, akapanda lori jingine, na uso wote ulikuwa vumbi tupu. Nikamkaribisha, nikamletea maji ya kunawa, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile injini. Niliifahamu. Ilikuwa ya baba. Rangi ya kifuniko ilikuwa imebanduka upande ule ule alipokuwa akiegemeza mkono wake.

Mama alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, na nilijua amesikia kila neno.

Alikuwa nasi Bombambili, hapa Songea, tangu mvua ziishe. Baba alifariki mwaka uliotangulia, kitandani kwake, baada ya kuugua muda mrefu, na mama akabaki kijijini na kaka. Kijiji chetu kiko kusini ya Mbamba Bay, ufukweni kabisa mwa Ziwa Nyasa, na barabara haikifiki. Kuanzia chumvi hadi jeneza, kila kitu kinaingia kwa maji. Mama ana presha, na presha yake hupenda kupanda alfajiri. Dawa ziko ng'ambo ya ghuba. Ukichelewa kuondoka, upepo wa mwera unaamka, na mwera ukishaamka hakuna mwenye akili timamu anayeivuka ghuba ile. Kwa hiyo injini ya boti inatakiwa iwake asubuhi, ikiwa ya baridi. Na ikiwa ya baridi, injini ya baba ilikuwa haiwaki. Ikishapata joto unaiwasha kwa kuvuta kamba mara moja tu. Shida ilikuwa ni ile mara ya kwanza. Asubuhi moja mama alilazwa ndani ya boti ameshika kichwa, kaka akivuta kamba hadi viganja vikachubuka, na waliomfikisha ng'ambo siku hiyo ni wapiga kasia wa jirani. Walifika naye hajui alipo. Alipopata nafuu kaka akampandisha Songea, na hapo ndipo nilipoanza kukosa raha.

Kwa mila zetu, mama hakai kwa mkwewe. Atakuja kumwona mjukuu, kama huyu wangu, atalala siku chache, ataondoka. Kukaa, kula chumvi ya mkwe mwezi baada ya mwezi, ni jambo lisilo na jina zuri. Mama na mume wangu walikuwa hawatazamani. Mume wangu akiingia kwa mlango wa mbele, mama anatokea wa nyuma. Salamu zao zilipita ukutani: yeye anasimama uani anasema, "Shikamoo mama," na mama anaitika kutoka jikoni, kitenge amekivuta hadi kwenye nyusi ingawa hakuna anayemwona. Na uani ndiko ilikokuwa gereji ya mume wangu, na ndiko lilikopiga jua. Basi mama, mtu aliyezoea kuwa na ufukwe mzima, akawa anaishi jikoni kwangu kwenye moshi, katika baridi ya Songea ya mwezi wa sita ambayo hata sisi tulioizoea hututembeza tumejikunyata.

Hakulalamika. Laiti angelalamika, ningepata cha kujibu! Kila asubuhi, akinipa kikombe cha chai, alikuwa na swali lake moja tu: "Malori ya kwetu yanateremka?" Nami namjibu yanateremka, mama, lakini injini. Anasema haya, injini. Anageukia moto wake.

Nilikuwa nampenda na kuchoka naye kwa wakati mmoja. Nikiwa sokoni nawaza kama ameanguka. Nikifika nyumbani nikamkuta mzima, nasikia hasira ya kunitisha bure. Usiniulize hasira hiyo nilikuwa namwelekezea nani.

Masharti yalieleweka kwa wote, hata kama hakuna aliyeyatamka mezani. Injini ikiwaka asubuhi, mama anarudi kwake. Isipowaka, atabaki jikoni kwangu hadi Mungu atakapoamua vingine.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Mfaranyaki yalijaa sabuni za kila rangi, sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni kwa kipande cha sabuni ya mche. Mitumba ilikuwa imeingia kwa marobota, na cherehani yangu ikabakiwa na sare za shule na viraka. Mume wangu alikuwa fundi magari kwenye karakana ya serikali hadi siku walipopunguzwa. Alirudi nyumbani na sanduku la spana na mdomo aliofunga kwa wiki kadhaa, kisha akaezeka bati uani na kuanza kutengeneza kila kinachonguruma: pikipiki, mashine za kusaga, jenereta za wafanyabiashara wapya. Injini ya boti hakuwa amewahi kuitia mkono. Kwao ni upande wa Hanga, kwenye tumbaku na mahindi, na maji mengi aliyoyafahamu utotoni ni ya kijito cha kuvuka kwa mguu.

Aliizunguka injini ile akiitazama juu, chini. Halafu akasema, "Inataka pipa."

Injini ya boti haiwashwi kavu, maana inapozwa na maji inayoyafyonza chini. Bila maji inaungua. Kaka akaondoka kurudi kwenye shughuli zake, akatuachia injini peke yake, kwa sababu lori lilikuwa limejaa, matangi na mipira yake vikabaki kijijini. Mume wangu akakata mdomo wa pipa, akasimamisha mbao mbili nene, akaifunga injini ikaning'iniza mguu wake ndani ya pipa. Na aliyechota maji ya kujaza pipa ni nani? Ni mimi. Ndoo kwa ndoo, kutoka bomba la mtaa, kwenye foleni ya wanawake wasiojua huruma.

"Mwenzetu leo unafua nini?"

"Nanywesha injini."

"Ala! Mmeanza uvuvi Bombambili? Basi tutunzieni dagaa wa usipa kidogo."

Nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa natukana. Maji yale yakishaguswa na injini yanavaa mafuta ya rangi rangi juu, hayafai hata kudekia. Kila mara mume wangu aliyamwaga, na kila mara nikarudi bombani.

Asubuhi ya kwanza injini ilikataa kabisa. Mume wangu alivuta kamba hadi akavua koti, na mvuke ukamtoka mgongoni kwenye ile baridi. Hakukasirika. Alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu wenyewe ndio ulionitia wazimu. Injini isiyowaka, alisema, ama haina cheche, ama haipati mafuta, ama haina pumzi. Akafungua plagi, akaigusisha kwenye bodi ya chuma, akaniambia vuta. Nikavuta, cheche ya buluu ikaruka. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akaniambia vuta tena. Nikavuta, kidole kikasukumwa nje kwa nguvu. Pumzi ipo. Akaitazama plagi: nyeusi, imelowa, imejaa masizi. "Shemeji anatia oili kwa upendo," akasema. Injini za namna ile hunywa oili iliyochanganywa ndani ya mafuta yenyewe, na kila mwenye boti anaongeza kidogo juu ya kipimo, akidhani anaitunza. Ikizidi, plagi inapakwa masizi na cheche inakosa nguvu.

Akafungua kabureta, akaipuliza, akapitisha unyoya wa kuku kwenye vitundu vyake. Mimi nikatumwa plagi Mfaranyaki. Plagi sasa zilikuwa zinauzwa dukani hadharani, jambo ambalo zamani lilitaka kibali na kujuana na mtu. Ya kwanza niliyoleta ilikuwa nzuri kwenye boksi na mbovu kwenye injini. Nikairudisha siku ile ile.

"Dada, hiyo imetoka nje ya nchi," muuzaji akaniambia.

"Basi irudi huko huko," nikamjibu, na sikuondoka hadi aliponibadilishia.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye mapaa. Mume wangu akaunganisha mpira na kidumu cha petroli aliyoichanganya mwenyewe, akavuta choki, akaminya kile kipira cha kupandishia mafuta, akavuta kamba. Ikawaka! Pipa lote likatetemeka, maji yakaruka, majirani wakatoka wamejifunika mashuka. Nilipiga kigelegele kabla sijajua ninachofanya, kisha nikakimbilia jikoni.

Mama alikuwa anatwanga, lakini kinu kilikuwa kimenyamaza. Nilimkuta amesimama katikati ya moshi, mchi mkononi, ameinamisha kichwa upande wa uani.

"Ndiyo yenyewe," akasema. Akasikiliza tena. "Lakini haijafika."

"Haijafika wapi, mama? Iko kwenye pipa."

Akaendelea kutwanga, nami nikaona ni mambo yake ya uzee na upweke, nikarudi kwenye furaha yangu.

Ikawaka kila asubuhi. Mume wangu aliiacha nje ilale na umande makusudi, na bado ikawaka. "Baridi ya Songea ikishindwa," akasema, "ya ziwani ni baridi gani?" Kaka akaja kuichukua. Mama alikuwa ameshafunga mzigo wake, kanga zimebana vizuri, na alikuwa ametulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu aje. Kaka akamwambia angoje kidogo, aijaribu kwanza nyumbani, atarudi kumchukua. Mama akasema haya.

Ujumbe uliletwa na dereva wa lori. Asubuhi haiwaki. Ile ile.

Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo. Niligombana na mume wangu, nikamwambia ametengeneza injini ya pipa, si ya ziwa. Nikagombana na mteja wa sare. Nikatoka nikatembea hadi Mfaranyaki bila cha kununua, nikarudi. Mume wangu naye hakutulia. Akila anaacha chakula, anakwenda kusimama mbele ya pipa tupu. "Haiwezekani," anasema peke yake. "Haiwezekani iwake hapa, igome kule." Wakati mwingine nilimsikia anataja hatua zake moja moja, cheche, mafuta, pumzi, anarudia upya.

Mama hakuufungua mzigo wake. Alikuwa anachomoa nguo moja kwa pembeni, anaivaa, anaifua, anairudisha mle mle ndani bila kulegeza fundo. Kila nikiliona fundo lile nilitoka jikoni.

"Mwambie kaka yako alete kila kitu," mume wangu akasema siku moja. "Injini, matangi, mipira, koki, na yeye mwenyewe akae hapa. Ataiendesha mbele yangu kama anavyoiendesha kwao. Mimi sitaigusa."

Kaka alichukua muda kuja. Alipofika alikuwa mkimya kuliko kawaida yake. Alimsalimia mama kwa haraka, akakataa chakula, akasema tuanze. Nikajaza pipa.

Hapo ndipo nilipoona vizuri jinsi injini ile inavyolishwa, mimi niliyezaliwa pembeni yake. Kwetu wasichana hawakushika injini. Kulikuwa na matangi mawili, dogo la petroli na kubwa la mafuta ya taa, na katikati koki ndogo ya shaba ya kugeuzia. Petroli ni adimu kule, inakuja kwa madumu. Kwa hiyo unawasha kwa petroli, injini ikipata joto unageuza koki, inaendelea kwa mafuta ya taa safari nzima. Kaka akafanya hivyo. Ilikuwa alasiri, hewa ina joto kidogo, na injini haikusumbua sana. Akageuza koki, sauti ikawa nzito, moshi wa koroboi ukajaa uani, watoto wa jirani wakakohoa. Akaiacha ingurume kwa muda mrefu. Kisha akabonyeza kitufe cha kuzimia, ikazimika.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

Asubuhi, baridi kali, kaka akavuta. Haikuwaka. Akavuta, akavuta, akampisha mume wangu, mume wangu akanipisha mimi. Nilivuta kamba ile kwa hasira ya miezi yote, na injini ikatoa mlio wa kukohoa tu na kunyamaza. Kwa mara ya kwanza ilikuwa imegoma uani kwetu kama inavyogoma ziwani, na nitasema kweli, mume wangu alitabasamu.

Akafungua plagi. Akainusa. Akanipa na mimi ninuse. Ilinuka taa ya chemli.

"Shemeji," akasema, "jana uliizima ikiwa kwenye mafuta ya taa."

Kaka akatazama pipa.

"Mafuta ya taa hayashiki moto yakiwa baridi. Usiku mzima yamekaa ndani ya kabureta. Asubuhi unavuta petroli kutoka kwenye tangi, lakini kilichomo ndani ni hayo hayo. Ilitakiwa ugeuze koki kabla ya kuzima, inywe petroli kwanza, ilale nayo. Hapa mimi nilikuwa natumia petroli tupu, ndiyo maana iliwaka." Alikuwa anaongea polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Sasa mimi mtu wa Hanga nimelijua hili kwa kunusa. Wewe umekulia ndani ya boti. Hukulijua?"

Nami nikakumbuka. Tukiwa watoto, jioni, tulikuwa tunaisikia injini ya baba ikija kutoka mbali, sauti nzito, na ilipofika karibu na mwamba ule wenye ndege sauti ilikuwa inabadilika, inakuwa nyepesi na kali. Tulikuwa tunapiga kelele, "Kageuza! Kageuza!" Na mama alikuwa anainuka. Ndiyo maana alisema haijafika: kwenye pipa sauti haikuwahi kubadilika. Maisha yangu yote nilikuwa nimeisikia petroli ikiingia ndani ya injini ile bila kujua kuwa ndiyo ninayoisikia.

"Alijua!" nikapasuka. "Anajua tangu ana meno ya utotoni! Umempandisha mama milima yote ile, umeleta mzigo huu mara mbili, mimi nimechota maji hadi mgongo umekufa, kwa kitu unachokijua? Petroli inakuuma kiasi hicho? Petroli na mama yako?"

"Dada, tulia."

"Situlii!"

"Si petroli," akasema. Alikuwa bado hatutazami. "Baba alipokufa niliendelea na boti kama kawaida. Nilikuwa nageuza pale pale kwenye mwamba. Nikigeuza tu, mama anainuka. Anachukua beseni lake, anateremka hadi majini, anasimama pale pale alipokuwa anasimama kumpokea baba. Kila jioni. Watu wakaanza kusema. Wakasema mama yenu anampokea marehemu, akili imeruka. Nilishindwa, dada. Ningefanyaje? Nikawa nazima mbali, kabla ya kugeuza, asisikie sauti ikibadilika, halafu napiga kasia hadi ufukweni. Nikifika namkuta amekaa ndani, ametulia. Nikaona ni afadhali."

"Na sasa yuko huku. Miezi hii yote hayupo. Kwa nini hukugeuza?"

"Kwa sababu akirudi ndivyo nitakavyozima. Nilitaka injini itakayowaka hivyo hivyo."

"Hakuna injini ya hivyo," mume wangu akasema, taratibu.

"Nilidhani fundi mzuri angeweza."

Mume wangu akafuta plagi kwa kitambaa, akaiweka juu ya mbao. Hasira yote ilinitoka nikabaki mtupu, na huo utupu ulikuwa mbaya zaidi, maana niliona kwamba kila mtu pale uani alikuwa amefanya alichoweza.

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama akatoka. Akaja hadi uani, kwenye jua, kweupe, mbele ya mkwewe. Mume wangu alishtuka akaangusha spana. Hakuwa na pa kukimbilia. Nyuma yake uzio, mbele pipa. Akageuka akachuchumaa, akautazama uzio kama mtu anayetafuta msumari. Mama alikuwa na kitenge kichwani, lakini hakukivuta usoni. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka.

"Mwanangu," akasema, "baba yako nilimfumba macho kwa mkono huu. Kaburi lake nalifagia mimi. Unafikiri sijui alipo?"

Kaka akainua uso.

"Nilikuwa nateremka kukupokea wewe."

Mama alisubiri kidogo, kama vile alitaka kuhakikisha amesikika, kisha akaendelea kwa sauti ile ile isiyo na lawama, na hiyo ndiyo iliyotuua. "Ukaanza kuzima mbali. Unaingia kwa kasia, kimya kimya, kama mgeni. Nikasema, hataki kupokelewa. Amekuwa mkubwa, ana mke, mama yake anamtia aibu. Basi nikakaa ndani."

Kaka yangu, mtu mzima mwenye watoto, alikaa chini pale pale kwenye matope ya pipa akalia kwa sauti. Kwenye msiba wa baba hakulia hivyo; alikuwa na shughuli za jeneza, za wageni, za boti. Mama hakumwinua. Alisimama karibu naye, sketi yake ikigusa bega lake, akaangalia upande wa milima ambako ziwa lilikuwa mbali sana na halionekani. Mimi nilikuwa nalia pia, na sitaficha kwamba ndani ya kilio changu mlikuwa na wivu. Nilikuwa nimempa mama jiko, chai, dawa na mjukuu, na kumbe alichokuwa anakosa ni kuinuka jioni kwenda kumpokea mtu.

Alipokuwa anarudi ndani alisimama mlangoni. Bila kugeuka, akasema, "Asante, mkwe." Mume wangu akaujibu uzio, "Haya, mama."

Jioni ile kaka aliwasha tena. Aliendesha kwa mafuta ya taa, kisha akageuza koki, na sauti ikapanda, nyepesi, kali, ile ile. Jikoni kinu kikanyamaza. Aliiacha inywe petroli, akazima. Asubuhi ikawaka mara ya kwanza alipovuta, na hakuna aliyepiga kigelegele. Mume wangu alianza kufungua mbao.

Waliondoka na lori la mapema. Mama alipanda mbele kwa dereva, mzigo wake mapajani. Nilitaka aseme atanikumbuka. Aliniambia niache kupika kwa kuni mbichi, zitaniharibu macho, na lori likatoka. Jiko likawa kubwa ghafla, nikawa naingia na kutoka bila sababu. Pipa mume wangu alilimwaga nyuma ya choo, na kwa muda mrefu hakukuota kitu pale.

Presha haikumwacha, lakini ilipopanda alivushwa kwa wakati, zaidi ya mara moja, na akaishi kwake miaka kadhaa. Kaka alipokuja tena Songea, kwa ajili ya misumari na bati, nilimuuliza kama bado anageuza kwenye mwamba.

"Hapana," akasema. "Pale ni karibu mno. Magoti yake hayaendi haraka tena. Nageuza mbali zaidi, kule baba alikokuwa hafikirii hata kugeuza, ili apate muda wa kuteremka."

Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza, akasema huko ni kuchoma petroli bure. Kaka akamwambia anajua.